Baridi ya Plateau Haina Hatia

Ukitoka Mombasa kwenda Plateau, nje ya Eldoret, sehemu kubwa ya safari ni kupanda. Treni ya SGR inakuondoa usawa wa bahari, inakupitisha Tsavo na kukushusha Nairobi. Kesho yake basi linateremka Bonde la Ufa, linapita Nakuru, halafu linaukwea ukingo wa pili hadi Timboroa, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700. Reli ya zamani, ile iliyofika Eldoret mwaka 1924, nayo ilipita huko huko juu. Pale abiria hufunga madirisha bila kuambiwa na mtu. Nje, akina mama wauza viazi na karoti wamejitanda mashuka juu ya masweta, na pumzi zao zinaonekana zikitoka mdomoni.

Aliyepaswa kufanya safari hii ni mama yangu. Ndugu yangu ameoa Plateau, na tangu harusi iliyofanyika Mombasa, upande wetu haukuwa umekanyaga kwa wakwe. Lakini mama hawezi tena kukaa kwenye basi saa nyingi akiwa amekunja magoti. Hata sala anaswali kitini siku hizi, jambo linalomuuma kuliko maumivu yenyewe. Basi akanituma mimi, na halua, na doti za kanga, na onyo: "Huko, mwanangu, ndiko baridi yabisi inakozaliwa. Vaa soksi. Usikanyage sakafu miguu mitupu."

Eldoret, ambayo wazee bado wanaiita Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64, "sixty-four", la enzi za walowezi, ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na imechangamka kama mji uliojua zamani kwamba siku hiyo ingefika. Nilibadilisha gari stendi. Matatu ya Plateau ilijaa magunia ya chakula cha kuku, akina mama wenye vikapu, na mzee mmoja aliyekuwa ameshika gambuti mpya mapajani. Tukaacha lami ya mjini, tukaingia mashambani. Sikuwahi kuona mahindi mengi namna ile, yamesimama pande zote mbili za barabara, na katikati yake vipande vya ngano na ng'ombe weusi kwa weupe wenye viwele vizito. Udongo ulikuwa umelowa. Mwezi wa Agosti huku mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Plateau yenyewe ni senta: maduka pembezoni mwa barabara, kinu cha kusagia, duka la dawa za mifugo, duka la dawa za watu, makanisa, reli. Watu wanasalimiana wakiwa bado mbali.

Nyumbani kwa wakwe nilipokelewa na wajukuu kwanza, kisha wifi yangu, kisha mama yake, ambaye kila mtu pale humwita Kogo, yaani bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akacheka, akatafuta jibu, akapata: "Marahaba." Halafu akataka kuinuka anikumbatie. Akaweka kiganja kwenye meza, akategemeza kingine kwenye paja, akajisukuma, akakaa tena, akajisukuma tena, na aliposimama hakuanza kutembea mara moja. Alingoja kidogo, kama anayeomba ruhusa. Hatua ya kwanza ilikuwa nzito, ya pili nyepesi kidogo, na kufikia ya tano alikuwa anatembea.

Namna ile ya kuinuka naijua. Naiona kila asubuhi kwetu Mombasa, kwenye nyumba ambayo hata usiku wa manane feni haizimwi.

Hapo ndipo onyo la mama lilipoanza kunisumbua. Kama baridi ndiyo inayokula magoti, mama yangu aliyezaliwa na kuzeekea pwani aliyapata wapi yake? Kwetu huwa tunalaumu upepo wa feni, au maji ya friji, au kuoga usiku. Kogo alilaumu ukungu wa asubuhi na maji ya mtoni. Wanawake wawili, mmoja usawa wa bahari, mwingine zaidi ya mita elfu mbili juu yake, wana goti la aina moja, na kila mmoja ameshtaki hali ya hewa ya kwake.

Jioni ile, kwenye chai ya maziwa, alinieleza njia aliyopita. Mara ya kwanza aliambiwa ana "brusela". Akadungwa sindano, akapewa vidonge, akapata nafuu kidogo, maumivu yakarudi. Mwaka uliofuata akaambiwa brusela imerudi. Baadaye jirani akamwambia mafuta ya magoti yameisha, anywe supu ya miguu ya ng'ombe. Mwingine akamletea habari ya maji ya bamia. Mwishowe akapata sindano fulani ya matakoni kwenye duka moja la dawa mjini, asiyoijua jina. "Hiyo ilinisaidia sana," alisema. "Siku tatu, nne, natembea kama msichana. Halafu inaisha." Kila mwezi alikuwa akiirudia.

Niliisikiliza ile orodha nikiwa na hasira ambayo sikutaka aione. Wala si hasira juu ya jirani na bamia yake. Ni kwamba mtu anaweza kuumwa miaka yote hiyo na asipate mtu mmoja wa kukaa naye akamweleza ndani ya goti lake kuna nini.

Alfajiri niliamshwa na vishindo vya miguu barabarani. Nikachungulia: vijana kama ishirini, wamevaa kofia za sufu, wanapita kwa mwendo ambao mimi ningeuita kukimbia kwa nguvu zote, nao wanaongea. Kaptagat haiko mbali na hapa. Ndiko iliko kambi ambamo Eliud Kipchoge alijinoa kwa miaka chini ya kocha Patrick Sang, mwenyewe mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kabla ya kwenda Vienna mwezi Oktoba 2019 kukimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Mjukuu wa Kogo aliwaangalia pamoja nami. "Hao watamaliza mafuta mapema," akasema, kwa huruma kabisa.

Siku hiyo tulikuwa na miadi mjini. Wifi yangu alikuwa amempangia mama yake kuonana na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia katika kliniki moja ya Eldoret. Nilibeba mkoba wake.

Kwenye benchi la kungojea nilijifunza mengi kabla hatujaitwa. Kulikuwa na mwanamume wa makamo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kidole gumba cha mguu kimevimba na kung'aa. Huyo alijua jina la ugonjwa wake, jongo, unaotokana na asidi ya yuriki kujijenga kuwa fuwele ndani ya kiungo, na alijua kwamba nyama ya jana na bia zake zilihusika. Kulikuwa na dada mdogo, labda wa miaka thelathini, mwenye mtoto mgongoni, vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vimefura. Alisema asubuhi hawezi kufunga vifungo vya nguo ya mtoto, na ukakamavu wa vidole haumwachi hadi saa nne. Huo si uchakavu. Kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia utando wa viungo, na akikosa dawa zake vidole vitapinda katika umri ambao wenzake bado wanasuka nywele. Na alikuwepo mvulana aliyeletwa na babake, goti moja limevimba tangu juzi, lina joto, ana homa. Nesi alipomwona hakumwacha akae foleni. Alimpitisha mbele yetu sote, na hakuna aliyenung'unika. Baadaye niliuliza kwa nini. Nikaambiwa kwamba usaha ndani ya kiungo unaweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu, na goti la namna hiyo halingoji kesho.

Watu wanne kwenye benchi moja, wote wanasema "viungo vinauma", na hakuna wawili kati yao wenye ugonjwa mmoja.

Daktari alimsikiliza Kogo kwa muda mrefu. Alimuuliza maumivu yanakuja lini (akipanda, akiinuka, jioni baada ya kazi), ukakamavu wa asubuhi unachukua muda gani (dakika chache), kama amewahi kuanguka (ndiyo, zamani, alipigwa teke na ng'ombe), na kama ana homa au jasho la usiku (hana). Akalikunja goti la kushoto na kulinyoosha huku amelifunika kwa kiganja. Hata mimi niliyekaa pembeni nililisikia likikwaruza. Kisha picha ya eksirei, akiwa amesimama.

Kuhusu brusela daktari alikuwa mkali, na nilimpenda kwa ukali huo. Ugonjwa upo, alisema, na katika nchi ya ng'ombe si jambo la kudharau: unatoka kwenye maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo mikono mitupu, unaleta homa ya kupanda na kushuka, na unaweza kukaa kiunoni na kwenye nyonga. Ukithibitishwa, unatibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja kwa muda wa wiki sita hivi, wala hautibiwi kwa sindano tatu. Lakini kipimo cha haraka kilichotumika miaka mingi katika vituo vya afya nchini ni kibovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wengi waliokuwa wakiambiwa wana brusela hawakuwa nayo. Nikawaza ni wazee wangapi waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, huku ugonjwa wao wenyewe, wa magotini, ukiendelea kimyakimya. Kogo aliuliza kuhusu mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Daktari akataka kujua anavyoitengeneza. Maziwa yanachemshwa, alisema Kogo, yanapoa, ndipo yanaingia kwenye sotet, yaani kibuyu, iliyosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. "Basi endelea," akajibu. Ikiwa yamechemshwa, kijidudu kimekufa.

Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mpole mwenye mikono yenye nguvu, ndiye aliyetufafanulia gegedu. Aliiweka picha kwenye taa. Gegedu yenyewe haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni nafasi inayoiacha baina ya mifupa, na kwa Kogo nafasi ile upande wa ndani wa goti la kushoto ilikuwa imebaki mstari mwembamba, na kando ya mfupa vijipembe vimeota.

Gegedu, alisema, ni lile tabaka jeupe linaloteleza, linalofunika ncha za mifupa, unene wake milimita chache tu gotini. Sehemu kubwa yake ni maji, yameshikwa na nyuzi za kolajeni na molekuli zinazovuta maji. Seli zilizo hai humo ni chache mno. Na haina mshipa wa damu hata mmoja. Sehemu nyingi za mwili zinaletewa chakula na damu, lakini gegedu inalishwa na ute wa kiungo, na ute huo hauingii wenyewe. Ukikanyaga, gegedu inabanwa na kutoa maji. Ukiinua mguu, inajaa tena, kama sifongo. "Kwa hiyo, mama, goti linakula likitembea," akasema. "Ukilipumzisha mwaka mzima, unalinyima chakula."

Gegedu haina neva pia. Inaweza kulika kwa miaka bila kulia. Kinacholia ni mfupa ulio chini yake, utando unaovimba, kano na misuli iliyochoka kufanya kazi isiyo yake. Ndiyo maana kuna watu ambao picha zao ni mbaya na wanalima, na wengine picha zao ni nzuri na hawalali. Ikishaharibika, hairudi kuwa ilivyokuwa. Daktari mmoja wa London, William Hunter, aliliandika hilo mwaka 1743, na pamoja na mambo yote yaliyogunduliwa tangu wakati huo bado hakuna dawa ya kunywa inayoiotesha upya. Vidonge vya glukosamini vinavyouzwa kwa bei kubwa vilijaribiwa Marekani katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2006, na kwa wagonjwa kwa jumla havikuvishinda vidonge visivyo na dawa. Supu ni chakula kizuri, bamia ni mboga nzuri. Tumboni vyote vinasagwa na kugawanywa mwili mzima, na hakuna njia inayotoka huko moja kwa moja hadi gotini.

Kogo aliuliza swali nililolisubiri. "Na baridi?"

Baridi inakaza misuli, alijibu yule dada, na siku za baridi watu hutembea kidogo, kwa hiyo maumivu yanasikika zaidi. Blanketi magotini ni jambo jema. Lakini kinachokula gegedu ni vitu vingine: umri, uzito, damu ya ukoo, majeraha ya zamani kama lile teke la ng'ombe, na kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kuinua mizigo mwaka baada ya mwaka. Wanawake huumia zaidi, hasa baada ya hedhi kukoma. Nikamtazama Kogo. Kukamua asubuhi na jioni kwenye kigoda kifupi, kupalilia ameinama, madumu ya maji, magunia ya mahindi. Nikamwona na mama yangu, mbuzi ya kukunia nazi chini ya mapaja, jiko la mkaa sakafuni, kufua kwenye beseni. Hewa mbili, kazi zile zile za chini.

Nikawauliza kuhusu wakimbiaji, kwa niaba ya mjukuu. Yule dada alifurahi. Kumbe ni swali analoulizwa kila wiki katika mji huu. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi wakalinganisha: miongoni mwa wanaokimbia kwa afya tu, waliokuwa na uchakavu wa goti au nyonga walikuwa asilimia 3.5, miongoni mwa wasiokimbia kabisa, asilimia 10.2, miongoni mwa wanaokimbia mashindano ya juu, asilimia 13.3. Kwa hiyo huruma ya yule mtoto haikupotea yote: anayejisukuma hadi ukingoni kwa riziki ana hatari yake, hasa akikimbia juu ya jeraha ambalo halijapona. Lakini kundi lililojificha kwenye viti haliko salama.

Sindano ya kila mwezi ilichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu Kogo hakutaka kuiacha. Ndiyo pekee iliyomsaidia, na mtu anayeumwa hana wajibu wa kuichukia dawa inayompa siku nne. Daktari alirudi kumweleza kwa upole. Yaelekea ni steroidi, au dawa ya maumivu yenye nguvu, au vyote viwili. Steroidi ikirudiwa bila hesabu inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Inaweza hata kuua mfupa wa nyonga. Dawa kali za maumivu zinatoboa tumbo na kuchosha figo, na mzee wa presha ndiye anayeumia kwanza. Hata sindano inayochomwa ndani ya goti na daktari ina mipaka. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2017, waliodungwa steroidi gotini kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa madogo zaidi. "Ikikupa siku nne na kukunyang'anya goti," aliuliza daktari, "tutakuwa tumepata nini?" Kogo hakujibu. Alikunja kitambaa chake mara mbili, kisha akasema ataiacha, lakini apewe kitu.

Akapewa. Jeli ya kupaka. Mkongojo, ambao kwa mshangao wetu ulipaswa kushikwa mkono wa kulia ingawa goti bovu ni la kushoto, kwa sababu upande wa pili ndio unaoondolea goti mzigo. Kuketi kitini na kunyoosha mguu, kuushikilia, kuushusha polepole, ili msuli wa mbele wa paja urudishe nguvu. Kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, bila kutumia mikono ikiwezekana. Kutembea kila siku mahali pa tambarare, kuongeza kidogo kidogo, na maumivu madogo yasimtishe. Na uzito: kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti kama kilo nne katika kila hatua. Hapo Kogo alicheka na kumtazama bintiye anayempakulia ugali.

Kuhusu upasuaji, daktari alisema wazi kwamba siku moja goti la kushoto linaweza kuhitaji kubadilishwa, na kwamba kazi hiyo inafanyika humu humu nchini. Kogo akauliza atalala kitandani muda gani, akahesabu miezi kwa vidole, akasema haiwezekani kabla ya mavuno. Daktari alikubali. Uchakavu huu si dharura. Miezi ya mazoezi kwanza, kisha tuonane mahindi yakishaingia ghalani.

Siku zilizobaki nilitembea naye kila asubuhi hadi kwenye reli na kurudi. Siku ya kwanza alisimama mara nyingi, akijidai anasalimia watu. Vijana wa mbio walipotupita mmoja alipunguza mwendo, akamwita Kogo, akamsalimia "Chamgei", akaendelea. Mkwe wangu mdogo, fundi mbao, alimtengenezea kigoda kirefu cha kukamulia. Ng'ombe hakukipenda mwanzoni, akazoea.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado Plateau, nikampa simu Kogo. Kiswahili chao kiliachana njiani mara kwa mara, mmoja wa Mvita, mwingine wa Uasin Gishu, lakini walikaa hewani hadi salio langu likaisha. Nilimsikia Kogo akimweleza: kitini, mama, nyoosha, shikilia, hesabu hadi kumi, shusha pole. Halafu akamuuliza anakaa kwenye jiko la chini au la juu. Mama alipojibu, Kogo alinigeukia na kuniambia kwa sauti ya amri kwamba nikifika Mombasa, kabla sijafungua hata mzigo, nimtafutie mama meza ya jiko.